Kashata Iliyotolewa Njugu

Wauza unga wa ngano wa Shimanzi walinijua kwa mdomo. Nikiingia ghalani kununulia duka langu la mikate la Mji wa Kale, bei ilianza kushuka kabla sijaketi. Lakini asubuhi ile, mbele ya watoto waliopangwa paredini shuleni kwa mwanangu kule Tononoka, ulimi ulinikauka.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Miezi michache kabla, alitafuna njugu za kukaanga arusini, midomo ikamvimba na pumzi ikawa inapiga mluzi. Majirani walisema ni jicho. Daktari alisema ni mzio, na kwamba hata chembe ya njugu ingeweza kumuua. Tangu siku hiyo usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Dukani nilizipiga njugu marufuku, lakini shuleni sikuwa na amri.

Basi nikaomba kusema na watoto juu ya mzio wake. Nilisema vibaya. Nilisahau hata salamu, na nilipoonyesha midomo inavyovimba, walicheka. Hata hivyo walimu walinipigia makofi, nikashusha pumzi.

Mgeni haachwi aondoke hivi hivi. Niliketishwa ofisini, nikaletewa chai na sahani ya kashata. Za njugu! Nusura nicheke kwa hasira. Mwalimu wa darasa la mwanangu, mama mtu mzima mwenye huruma, aliniona nilivyozikodolea macho.

"Usiwe na wasiwasi, mamangu," aliniambia. "Watoto nao nimewagawia. Ya mwanao nimeitoa njugu zote, moja moja, kwa mkono wangu. Mwana atizame wenziwe wakila? Hilo haliwi."

Nilitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Sauti iliyonikimbia paredini ilinirudia yote.

"Usile! Usile!"

Shule nzima iligeuka kunitazama. Binti yangu alikuwa amesimama nje ya darasa, kashata kaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyomlea kupokea cha mkubwa. Hakuwa ameionja, lakini viganja vilishaanza kuwa vyekundu.

"Mwalimu kanipa mwenyewe, mama," alisema. "Nitamkataaje?"

Nilimwosha mikono bombani kwa sabuni. Nilikuwa nimemfundisha kuziogopa njugu. Kukataa sikumfundisha.

Baadaye shule nyingine ziliniita, hadi za Makupa, na kila mahali niliwafunza watoto kusema, "Ahsante, lakini hiki sili." Wazee wengine walinuna, wakasema nawaharibia watoto wao adabu. Ulimi haukuacha kunikauka hata siku moja.

Lakini wa kwanza kufuzu alikuwa wangu, niliyemfunza jioni ile ile ya kashata. Asubuhi iliyofuata tu, nilimkatia kipande cha mkate niliouoka mwenyewe. Akaweka mikono nyuma.

"Mna nini ndani, mama?"

Nikamtajia: unga, tui, sukari, hamira, iliki. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanyoosha mkono. Akala, nami nikabaki nimeitazama midomo yake, nikijiuliza kama sikusahau kitu.