Pale Aliponyamaza

Nilipoanza kufundisha video Mtwara, nilikuwa mkali kwa jambo moja: ukimya. Mtu akinyamaza kwenye picha, niliwaambia wanafunzi, kata.

Binti mmoja wa Kilambo alimrekodi bibi yake akieleza alivyovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, mtoto mgongoni. Bibi alisema kidogo, akanyamaza, akatazama mto, ndipo akaendelea. Binti alitaka tuiache hivyo hivyo. Nikamwondoa kwenye kompyuta, nikakata mwenyewe. Saa nzima ikawa dakika sita. Mikanda ilikuwa michache, kwa hiyo ule wa awali tukaufuta kwa kurekodia somo la kupulizia mikorosho dawa, kule Naliendele.

Bibi alipofariki, familia iliomba kuiona filamu siku ya arobaini. Nilibeba televisheni na jenereta hadi Kilambo, kifua mbele. Watu wakakaa mikekani. Bibi akasema, akasema, akasema kama anayefukuzwa, mpaka akaisha.

Nikazima jenereta. Kisha mama wa yule binti, ambaye ndiye mtoto aliyevushwa mgongoni, akanisogelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Ahsante, mwalimu. Sauti ni yake. Ila kaka yangu alizama siku ile, na mama hakuwahi kumtaja. Akimfikia, alinyamaza tu. Sasa pale aliponyamaza, mwalimu, umepaweka wapi?"