Picha Ipo, Sauti Haipo

Mtaa mzima ulimwita Zima-Washa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza kwa kila kompyuta iliyougua. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, feni isiyozunguka na droo ya nyaya zilizovurugika kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Ndugu zake hawakuwahi kukikanyaga. Siku walipoingia wote watatu kwa pamoja, alijua kumeharibika.

Kaka mkubwa alitoa kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha. Humo, marehemu baba yao, akiwa kitandani, alikuwa ametamka nyumba aachiwe nani. Aliyemrekodi ni dada yao, aliyemuuguza na bado anaishi katika nyumba hiyo na wanawe. Yeye alisema baba kamwachia yeye. Kaka zake wakasema waone kwanza. Kadi ikachukuliwa na mkubwa, "kwa usalama."

"Inaandika nini ukiichomeka?" Zima-Washa akauliza.

"Inasema ni tupu."

"Na kabla ya kuwa tupu?"

Kaka mkubwa akakohoa. "Simu ilisema kadi ina hitilafu, eti nataka kuifomati? Nikabonyeza ndiyo."

"Kaka! Kwa nini?"

"Mimi ndiye mkubwa wa familia. Simu iniulize swali nikae kimya?"

Kufomati, kwa faida ya wakubwa wote wa familia, ni kung'oa namba za milango: watu bado wamo vyumbani, ila haijulikani nani yuko wapi. Unaweza kuwapata, mradi hujaingiza wapangaji wapya.

"Baada ya hapo hukuweka kitu?"

"Picha tu. Za gari langu jipya."

"Nyingi?"

"Gari lina pande nyingi, bwana."

Dada akacheka kile kicheko kinachotoka bila ruhusa ya moyo.

Zima-Washa hakuchimba kwenye kadi yenyewe. Kwanza unanakili kadi nzima, hata panapoonekana patupu, kwenye diski ya nje. Ukiharibu, unaharibu nakala. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Kaka wa pili, ambaye simu yake ilikuwa inakata roho, akaona waya, akauchomoa apate tundu la kuchajia.

Diski haipatikani, kompyuta ikaandika.

"Si waya tu jamani!"

"Siku ukilazwa kwenye mashine," dada akamwambia, "nitakuja na simu yangu."

Diski ikagoma. Zima-Washa akabadilisha waya, akabadilisha tundu, akaibembeleza mpaka ikaonekana, wakaanza upya. Jioni video moja ikafunguka. Baba ameegemea mito, midomo inacheza, kidole kinanyooka. Sauti hakuna. Akajaribu programu nyingine, na nyingine. Mahali pa sauti palikuwa pamelaliwa na gari.

"Anasema uzeni," akasema kaka mkubwa. "Tazama mdomo."

"Anasema tugawane," akasema wa pili.

"Hapo anakohoa," akasema dada.

Wakamgeukia Zima-Washa. "Fundi ni wewe. Kasema nini?"

Dada alimkazia macho. Neno moja tu lingetosha. Nani pale angembishia mwenye mashine?

"Sijui," akasema.

Uso wa dada ukazimika.

"Basi tunauza," kaka mkubwa akanyanyuka. "Kesho dalali anakuja, wote tutatia saini."

"Mimi sitii," akasema Zima-Washa.

"Si umesema hujui baba kasema nini?"

"Hilo sijui. Nani alikuwa anambadilishia mashuka, hilo najua."

"Ala! Mtoto wa mwisho leo ana ndevu! Haya, jiandae kwa hakimu."

Wakatoka, wa pili akirudi mara moja kuchukua chaja yake.

Dada akabaki amesimama. "Ungesema tu, mdogo wangu. Neno moja."

"Wangeomba waisikie sauti, dada."

Dada alichukua mkoba wake, akaenda kuwaambia wanawe wasiendelee kufungasha vitu vya kuhama, wala wasifungue walivyokwisha kufungasha.