Sirène ya maziwa ilinikimbizia mutoto mpaka Bweremana

Wakuu, nyinyi mukae vizuri, miye sikai. Naandika nikiwa nimesimama, mutoto ku mugongo, hasira ku shingo.

Yote nasema humu ni kweli. Mwenye ana mashaka apande kilima chetu, hapa juu ya Shasha, aulize mutu yeyote mwenye alikimbia ile siku. Mwenye hakukimbia ni miye peke yangu.

Ninafanya kazi ku usine ndogo, kiwanda ya fromage, ile jibini ya maziwa. Niko na diplôme yangu ya État, kwa hiyo hapana muniangalie vile.

Kazi yangu ni kupasha maziwa. Batu banaleta maziwa ya ngombe zabo asubuhi, inaingia mu tanki, tunaipasha mpaka kipimo chenye kinaua vijidudu, kisha tunaanza kuigandisha. Moto ikishuka katikati, ile maziwa haifai, unairudisha tanki. Njo hivyo tu.

Zamani yote ilikuwa inaongozwa na kabati moja ya chuma yenye ni mukubwa kwa mama mukwe yangu. Ndani, waya za rangi yenye imesahaulika. Mushale ya kipimo ilikuwa inalala. Unapiga kabati kofi ku ubavu, mushale inaamka. Kifungo kimoja kilikuwa kinashikiliwa na muti ya kiberiti.

Maziwa ikipoa, taa nyekundu inawaka. Unasema "aa, nakuja," unaenda.

Siku moja panya ilikufia mule ndani, kabati ikazima, maziwa ya kilima yote ikaharibika. Gérant wetu, mukubwa wa usine, akasema basi, tunabadilisha.

Akaleta injenia kutoka Goma, kijana mupole, viatu safi. Na ule injenia akaleta automate, kisanduku kadogo kama Biblia kenye kanaongoza mashine yote, na écran yake, kioo ya kugusa na kidole. Kusema ukweli ilikuwa mazuri. Namba zinapanda zenyewe, hakuna kofi.

Lakini siku ya mwisho nikamuona juu ya paa, anafunga kitu kama mudomo ya ngunguru, ile pipa ya chuma.

Nikamuuliza, "Kaka Injenia, na hiyo?"

"Ni alarme, Mama, sirène. Maziwa ikipoa, inalia. Utaisikia hata ukiwa ku shamba."

"Na benye hawana maziwa, nabo batasikia?"

"Vizuri sana!" Na akacheka, wakuu. Akacheka na furaha.

Ngoja niwaeleze, nyinyi benye munakaa mbali. Hapa Masisi, kelele kubwa yenye haujue ikilia, haulizi ni nini. Unafunga mutoto, unakamata sufuria na matela ya kulalia, unashuka. Utauliza mbele, ku barabara. Benye balikuwa banauliza kwanza, hatuko nabo tena batuambie vile balijibiwa.

Sasa. Asubuhi ya kujaribu, Asifiwe wangu, mwenye anaota meno, nilimuacha ku nyumba na mama mukwe yangu. Ni chini tu ya usine, ninashukaka kumunyonyesha.

Gérant alivaa koti. Injenia akasema, "Tupunguze moto kidogo, tuone kama itatambua."

Ikatambua.

Ile kitu haikulia, wakuu. Ililalamika kama ngombe yenye inazalia mu pipa. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Mutu mumoja huko inje akapiga kelele, "Bamefika!" Nani? Hakuna mwenye aliuliza.

Nikaangalia ku dirisha. Sikuona batu, niliona matela zenye miguu. Papa shemasi, mbuzi ku shingo. Mama wa beignets, mandazi yetu, alikuwa anakimbia na beseni ya beignets ku kichwa, kundi nyuma yake, na mpaka leo sijue kama balikuwa banakimbia vita ao banafuata beignets.

Gérant akasema, "Mutulie! Mutulie!" Aliyasema akiwa anapita mu dirisha.

Na Injenia? Aliangalia batu. Akaangalia juu, ku sirène yake. Akaangalia batu tena.

Akakimbia.

Sirène yake mwenyewe! Alikimbia na kitabu ya automate mu kwapa!

Nikabaki peke yangu na ile kilio. Écran inasema gusa hapa inyamaze. Nagusa, hakuna. Vidole viko na maziwa, na ile écran haitambue kidole chenye iko na maji. Napanguza ku kitenge. Kitenge nayo imelowa, juu mwili yangu ilisikia kilio ikafikiri ni Asifiwe, maziwa ikatoka pande zote mbili. Usine yote ilikuwa maziwa tu.

Mwisho écran ikakubali. Ikaomba code, namba ya siri. Code iko mu kichwa ya Injenia, na kichwa ya Injenia ilikuwa imeshafika ku kona ya barabara.

Nikashusha swichi kubwa ya umeme, yote ikazima.

Halafu nikasikia vile kuko kimya. Hata kuku.

Nikashuka ku nyumba mbio. Mulango wazi. Ku mafiga, sufuria ya maharagi hakuna. Ku kitanda, mutoto hakuna. Nikapigia mama mukwe telefone, ikalia chini ya muto.

Hapo, wakuu, sikucheka tena.

Nilishuka na miguu mpaka nikapata pikipiki. Kila mutu nauliza, "Hamukuona mama muzee na mutoto wa kofia nyekundu?" Banajibu, "Tumeona bamama bote na batoto bote."

Bwana yangu, mwenye anachuuza huko Mpofi, akapiga. "Nasikia bamekamata kilima!"

"Nani?"

"Sijue, njo nakuuliza!"

"Ni maziwa!"

"Maziwa imefanya nini?"

"Imekamata kilima! Natafuta mutoto, toka ku telefone!"

Ku Shasha nikamukuta Injenia amekaa ku jiwe, kiatu kimoja. Akaniuliza, "Mama, ilinyamaza?" Vile nilimujibu, basimamizi ba hii forum batafuta. Nikasema, "Lakini si weye njo uliitia?"

"Nilijua, Mama. Lakini nikaona batu bote banakimbia, nikafikiri pengine kuko na ingine."

Wakina mama benye banauzisha samaki pale njo baliniambia. Muzee wa sufuria? Alipita mbele ya bote. Hata pikipiki zilimupisha.

Nikajua. Iko na dada yake ku Bweremana.

Nilimukuta amekaa ku kiti, miguu imevimba. Asifiwe ku mapaja yake, anapaka uso yote bugali na sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa, anacheka.

Nikaanza kulia na kutukana mara moja.

"Mama, ilikuwa maziwa!"

"Maziwa gani inalia vile?"

"Balikuwa banajaribu mashine!"

"Njo banajaribu na batu?"

"Ungeniita! Nilikuwa pale juu tu!"

Akaniangalia pole pole. "Bwana yako nilimukimbiza ku huu mugongo, na dada yake nyuma yake. Hakuna siku nilirudi kuita mutu. Njo maana uko na bwana. Kaa chini, munyonyeshe, umejaa."

Nikamupokea Asifiwe. Nikakaa.

Kesho yake nikamuambia gérant mbele ya batu ba maziwa, "Ile kitu inashuka ku paa, ao miye nashuka ku kazi."

"Lakini ni norme, ni sheria ya mashine, Mama Asifiwe."

"Norme ishuke mpaka Bweremana na miguu, kisha turudilie kuongea."

Ilishuka. Sasa kuko taa kubwa na kengele ya mule ndani. Automate yenyewe inatumika vizuri, siwezi kuisingizia, hata fromage inatoka ya sawa kila siku.

Funzo yangu ni hii, injenia mwenye anasoma humu: kabla ya kufunga mashine mupya, hapana upime waya tu. Ulizia batu ba pale kelele gani bameshasikiaka.

Jana Injenia wetu alipita nyumba kwa nyumba, akaanza na mama mukwe. "Mama, leo tunajaribu kengele. Ni kengele tu, hapana ukimbie."

"Sawa, mutoto yangu. Mujaribu."

Nilikuwa ku dirisha ya usine. Nilimuona anafunga Asifiwe ku mugongo, anakaza fundo, anaepua sufuria, anasimama ku mulango akiangalia barabara. Kengele ikalia, ikaisha. Hakukimbia. Lakini mutoto hakumufungua mpaka jioni, na miye sikumuambia amufungue.

Haya, nyinyi benye bamewabadilishia mashine ku kazi, mumwage hapa chini. Injenia wenu alikimbia mpaka wapi?