Mtafsiri wa Filamu na Picha ya Majivu

Siku ya kwanza kazini, Masasi, mwenye banda la video alinipa maiki hata sijakaa. Nilikuwa mtafsiri: filamu ya Kihindi inakwenda, nawe unaisemea kwa Kiswahili, unatia chumvi, unaonyesha adui kajificha wapi. Nikanyamaza kidogo nitazame. Akanifokea, "Ukinyamaza watu wanadhani spika imeungua."

Baadaye nikahamia Newala, ukumbi mkubwa zaidi, chini ya meneja mpole. Msaidizi wangu alikuwa Mama Neema. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhariri, yaani kukata vipande vya picha na kuviunga. Akanunua kamera, akapiga harusi, kisha akaja na kitu anachokiita sanaa ya video. Wageni wakaanza kuja kumuulizia yeye. Roho iliniuma, sifichi.

Kazi yake ilihusu majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mataifa makubwa yaliyalipua kwenye visiwa vya mbali. Wenyeji wakahamishwa, udongo na samaki vikaingiwa na sumu, makaburi ya wazee yakabaki bila wenyewe. Majivu ya bomu angeyatoa wapi? Alikwenda Makote msimu wa kupulizia mikorosho, akapiga picha salfa, dawa ya unga, inavyotanda. Kwanza unaona mkono ukimwaga unga wa tambiko kaburini. Halafu vumbi la salfa linashuka, linafunika unga, linafunika kaburi. Hakuna sauti hata chembe.

Siku ya kuionyesha aliniomba, "Shikamoo, Baba Zuhura. Hii naomba usiitafsiri."

Nikaitikia marahaba. Mwanafunzi wangu ananifunga mdomo! Kaburi lilipotokea nikawasha maiki nikaanza: jamani, hapo ndipo adui alipoangusha bomu...

Bibi mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa akivicheka vichekesho vyangu tangu nihamie Newala, aligeuka. Hakupandisha sauti.

"Baba Zuhura, nyamaza. Tuko msibani."

Nikazima maiki, nikatazama ukumbi. Wanawake walikuwa wamejitanda kanga vichwani, wanaume wamevua kofia. Wivu ulinipanda, maana kimya cha namna ile sijawahi kukipata, hata kwa filamu niliyoisemea vizuri kuliko zote.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama nimemsamehe Mama Neema. Nimsamehe nini, hakunikosea. Namwonea wivu tu, mpaka leo. Siku ya kustaafu, nilipomrudishia meneja maiki, alinishukuru kwa heshima zote, akaifungia kabatini. Hakutafuta mtafsiri mwingine.