Kifaa cha Kunusa Gesi ya Makaa

Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine nitazikosea, mnivumilie. Niliishia darasa la nane, na kuandika kunanichukua muda. Lakini hasira hii nimechoka kukaa nayo.

Dada yangu mkubwa ameolewa Endebess. Kule watu hulala na jiko la makaa chumbani, mlango umefungwa na gunia limesokomezwa chini yake. Asubuhi moja majirani walimkuta yeye na mtoto wamezimia kwa gesi ya jiko. Walipona. Wiki hiyo hiyo akarudisha jiko ndani.

"Ndugu yangu, wewe unalala Bungoma kwenye joto," aliniambia. "Huku hata baridi inaua."

Bungoma nilimfanyia kazi fundi wa redio. Mgeni wa kanisa alimwachia kompyuta yenye programu ya kujaribia sakiti, yaani mizunguko ya umeme, pamoja na kifaa cha kunusa gesi. Kimoja tu. Nikataka kumtengenezea dada kengele ya kumwamsha.

Tuliogopa kukiharibu, basi tukaamua kujaribu kwenye kompyuta kwanza. Programu haikukijua. Nikakiweka juu ya jiko nyuma ya duka, nikapima kwa mita: gesi ikizidi, ukinzani wake wa umeme unashuka. Hayo nikayaandika ndani ya programu, mstari kwa mstari, mpaka kengele ya kompyuta ikalia. Ulibaki waya wa ndani unaokipasha moto. Huo hautaki zaidi ya volti tano, na nilikuwa sijauandika. Nilimwambia fundi. Sauti yangu ni ndogo, lakini alinisikia, maana alijibu, "Sawa, sawa."

Siku ya maonyesho ya wakulima Kitale, alitoa betri ya gari mbele ya watu. Volti kumi na mbili alikuwa amezijaribu kwenye kompyuta, kengele ikalia vizuri.

"Mzee, kile cha kompyuta hakina waya wa kuungua," nikamwambia.

"Kijana, kompyuta imekubali. Wewe ni nani ukatae?"

Watu wakacheka. Akaunganisha. Kifaa kikatoa harufu, kikafa. Akawageukia wale watu: "Ati huyu ndiye fundi wangu. Hata kazi hamalizi."

Niliondoka hapo hapo, na kwake sijarudi. Siku hizi anachapa kadi za harusi kwa kompyuta ile. Dada yangu bado analala na jiko.

Kama unajua mahali kifaa kama hicho kinapatikana, tafadhali niandikie, kabla baridi ya Julai haijafika Endebess.