Vigingi Sita vya Mgongo wa Rugera

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya upimaji ardhi nilivaa viatu vya kanisani. Mpima Mwandamizi wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Mpima, aliviangalia, akacheka kidogo, akanitwika miguu mitatu ya tiodolaiti, kile chombo cha kupimia pembe. Tukaanza kupanda mlima wa Rugera.

Ukungu ulikuwa mzito hata nikawa namfuata kwa kusikia kikohozi chake. Kwenye majabali tulipanda kwa mikono na magoti. Juu tulitembea mgongoni mwa mlima, kilele hadi kilele, tukitafuta bikoni, zile nguzo fupi za zege ambako vipimo vyote huanzia. Usipoiona bikoni ya ng'ambo, tiodolaiti ni mzigo tu.

"Mzee, tutasubiri mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka mlima wenyewe utakapotaka. Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Hatimaye alinituma niteremke peke yangu nikapige vigingi kwenye mpaka wa mashamba mawili. Huku kwetu mpaka huoneshwa kwa milamula, mimea isiyokufa hovyo, inayopandwa mbele ya majirani. Niliiona safu yake ndani ya ukungu, imenyooka vizuri. Nikapiga vigingi sita, nikajipongeza.

Ukungu ulipopanda nilimkuta mama mmoja mjane kasimama kwenye migomba yake. Vigingi vyangu vilikuwa vimekata kibanja chake katikati, nusu ya migomba na kahawa yote imekwenda kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii si mpaka. Marehemu mume wangu alijenga hapa zizi ya ndama. Nguzo zikachipua."

Mlamula ukiuchomeka ardhini, hata kama nguzo tu, huota. Kila mtoto wa Karagwe analijua hilo, nami nilizaliwa huku huku. Niliona aibu, na hofu pia, maana nilikuwa kwenye majaribio. Mama yule hakuwa na karatasi yoyote. Nikinyamaza, nani angejua? Nakiri niliwaza hivyo. Kisha nikamwona ameshika kigingi kimoja, hathubutu kuking'oa kwa kuwa ni cha serikali. Nikayapanda tena yale majabali, nikateleza mara mbili, goti likachubuka.

Bwana Mpima alinisikiliza, akafunga daftari lake, tukateremka wote. Mwenyekiti wa kitongoji na yule jirani walikuwa wameshafika. Nilisubiri nitajwe.

Akavua kofia. "Mama, nimekosea," alisema. "Tusamehe."

Hakusema kijana amekosea. Hata hakunitazama. Tuling'oa vigingi pamoja, mjane akatuonesha milamula ya mpaka wa kweli, na jirani akakubali.

Baadaye nilihamishiwa Rubwera, nikawa mkuu wa kikosi. Vijana wa sasa wana vifaa vinavyosoma setilaiti, ukungu hauwababaishi. Nawapenda, ila niliwasumbua sana: kabla ya kupiga kigingi, uliza nani alipanda, na alipanda kwa ajili gani.

Nilipostaafu nilikwenda Igurwa kumwona Bwana Mpima, sasa mkongwe wa kutembelea fimbo. Nilitaka kumshukuru, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ile. Nikamsimulia siku nzima, na kofia, na maneno yake. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Siikumbuki, mwanangu," alisema. "Mliokosea mlikuwa wengi."