Rimoti Mbili za Treni ya Mezani

Mume wangu aliendesha treni mpaka akastaafu, na alipostaafu akaihamishia reli chumba cha uani. Treni ndogo hizo, behewa moja halizidi kiganja. Sanduku la kwanza alipewa na mhandisi mgeni aliyekuwa anarejea kwao. Mengine akaongeza mwenyewe pole pole, juu ya meza ya mninga iliyotoka Sikonge. Stesheni ya Tabora iko katikati. Upande huu reli inakwenda Kaliua mpaka Kigoma, upande ule Mwanza.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini majina sisahau. Kila dereva, kila fundi, kila mwanamke wa kota za reli aliyewahi kunywa kahawa kwangu namjua kwa jina lake na la baba yake. Hapa siwaandiki. Wengine wana wajukuu wanaosoma.

Kazi yangu kwenye meza ile ilikuwa stesheni masta. Sikuiomba. Reli yetu ni ya njia moja, na dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe kibali kwamba mbele hakuna treni inayokuja. Yeye alistaafu, desturi hiyo haikustaafu. Basi nisimame, nigeuze reli kwa kidole pale zinapogawanyika, nimpe kikaratasi chake, ndipo aondoke. Miaka kumi na kitu nimesimama hivyo, magoti yananiwaka.

Mwaka juzi kiharusi kikaondoka na mkono wake wa kulia. Mwaka jana umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza chombo cha kuendeshea. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimepumzika. Nikatubu baadaye, lakini nilisema.

Yeye hakupumzika. Alikaa kibarazani uani, kila siku swali moja: "Treni ya saa nane imepita?"

Binti yetu ameolewa Maskati. Alipokuja likizo alibeba vyombo viwili vya kisasa, vya kidijitali, amevichukua dukani kwa shemeji yake tuvijaribu: kimoja kibaki, kingine arudi nacho. Akatueleza. Kila injini inatiwa chipu yenye namba yake. Ukiita namba, inasikia hiyo tu, nyingine zinatulia hata kama zote ziko juu ya reli moja.

"Kama kuita watoto," nikasema.

"Kasoro hawa wanasikia," akasema mume wangu.

Chombo cha kwanza kinaendeshwa kwa kishikwambi, unagusa kioo. Hata reli zinageuzwa humo humo kwa vimota, hakuna haja ya mtu kusimama. Cha pili kina rimoti yenye kidude cha kuzungusha, kama cha redio za zamani. Injini inatii, ila reli lazima mtu azigeuze kwa mkono.

"Baba, unataka kipi?"

"Muulize stesheni masta. Mimi dereva, napangiwa."

Nikachagua kioo. Sikufikiri mara mbili.

Fundi redio wa mtaani, mtu wa Ipole mwenye subira, alishinda kwetu siku mbili akitia chipu na vimota. Ijumaa baada ya sala tukawasha. Mume wangu akawekewa kishikwambi mapajani. Akagusa. Kimya. Akagusa tena. Vidole vile vimeshika vyuma vya moto maisha yote, vimekauka kama ngozi ya ngoma, kioo hakikuvitambua.

"Lamba kidole, mzee," fundi akamwambia.

"Nahesabu noti au naendesha treni?"

Akalamba. Injini ikatoka mbio. Akawa anatafuta kwenye kioo mahali pa kuisimamishia, macho yameinama, na huku treni imekwisha toka Tabora, ikaenda kuikwaa ya mizigo iliyosimama Kaliua. Mabehewa yakalala ubavu. Fundi akacheka, binti akacheka, na mimi nikacheka.

Yeye hakucheka. "Nimeondoka bila kibali," akasema. "Kwetu mtu wa hivyo anashushwa kwenye injini." Akaomba ainuliwe, akarudi kibarazani.

Jumamosi hakuuliza treni ya saa nane. Jumapili hakuuliza, na sahani akairudisha ilivyokwenda. Nikamwangalia, nikajua huyu kwenye meza ile harudi tena, na asiporudi, kitakachobaki kibarazani ni kungoja tu.

Jioni binti alikuwa anafunga mizigo. Nikamwambia, "Mwanangu, toa ile ya kuzungusha. Kioo rudi nacho."

"Mama, si umeniambia miguu imechoka?"

"Imechoka."

"Sasa?"

"Sasa toa."

Chipu zilikuwa zilezile, fundi akaunganisha, akaving'oa vimota. Mume wangu alikataa kuja chumbani. Nikamtia rimoti mkono wa kushoto palepale alipokaa, nikaacha mlango wazi. Kidole gumba chake kikasukuma kidude, bila yeye kukitazama. Ndani injini ikanguruma.

"Nani yuko kwenye reli?" akaniuliza.

"Hakuna mtu."

"Isimamishwe!"

"Simamisha mwenyewe, unayo wewe."

Akarudisha kidude nyuma. Injini ikasimama. Akautazama ule mkono wa kushoto kama vile umeletwa leo.

"Niinueni," akasema.

Nimerudi mezani, basi, ila kwa masharti. Nimeweka kigoda upande wa Kaliua, nageuza reli ninazozifikia nikiwa nimekaa. Njia ya Mwanza nimeifunga.

"Na abiria wa Mwanza?" akaniuliza.

"Wapande basi."

"Wana mizigo."

"Na mimi nina magoti."

Akanung'unika mpaka adhuhuri. Njia ya Mwanza haijafunguliwa mpaka leo.